Dirisha wazi, stoo imefungwa: aina fiche kwenye programu ni kitu gani?

Mwaka 2024 shangazi yangu anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba alinipigia simu saa tatu usiku. Hakusalimia. “Baba, nimenunua umeme, wameniletea namba rundo zima. Mistari mitatu! Hawa si matapeli?” Nikamwambia aingize mstari wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa tatu, maana uniti zake ziko kwenye huo wa mwisho. Nikasikia mita inalia pii, pii, pii. Kimya kidogo. “Haya, imekubali,” akakata simu.

Hakuwa peke yake. Mwaka ule nchi nzima watu waliulizana namba za ziada ni za nini, na kila kijiwe kilikuwa na jibu lake. Jibu lenyewe ni hili. Mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania, hufuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, ambacho nchi nyingi duniani wanakitumia, na husoma ndani ya kila tokeni (ile namba unayonunua) muda ilipotengenezwa. Muda huo unahesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kuuandika ni biti 24 tu (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, sifuri au moja). Biti 24 hubeba hesabu 16,777,216. Gawanya kwa dakika za mwaka, unapata karibu miaka 32, yaani nafasi ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeambiwa ianze hesabu upya ingezikataa tokeni zote za baadaye. Mistari miwili ya mwanzo ndiyo ilikuwa inaiambia.

Kilichonikaa kichwani baada ya simu ile hata hivyo hakikuwa dakika wala biti. Ni kwamba shangazi amenunua umeme kwa namba hizo miaka na miaka bila kujua ndani yake kuna nini, na hajawahi kuhitaji kujua. Tokeni anaweza kuipokea, kuiandika ukutani kwa mkaa, kumtumia mpangaji wake kwa meseji, kuiingiza kwenye mita. Hawezi kuchukua tokeni mbili akazijumlisha apate moja kubwa. Hawezi kubuni yake. Na kwa sababu hakuna mtu mtaani aliyekuwa ameweka maisha yake juu ya ule mwaka 1993, wenye mfumo waliweza kubadili mambo ya ndani, na usumbufu uliotufikia ukawa mistari miwili ya kubonyeza mara moja.

Waandishi wa programu wana jina la kitu cha namna hii. Ni aina fiche. Na kwa kuwa vijana kadhaa wa hapa Mwanza wanaojifunza lugha ya programu ya OCaml wameniuliza swali lile lile, wakiwa na sura ile ile ya kushuku (“hapa wameandika type t halafu hakuna kitu mbele yake, si wamesahau?”), nimeona nilifungue fundo lote kwa pamoja. Hawajasahau. Ule utupu mbele ya t ndio wenyewe.

Tuanze na maneno manne

Aina ni jibu la swali: hiki ni kitu gani, na kinaruhusiwa kufanyiwa nini? Namba nzima ni aina. Maandishi ni aina. Namba mbili unaweza kuzizidisha, majina mawili ya watu huwezi. Kompaila, yaani programu inayosoma msimbo wetu na kuugeuza uwe kitu cha kuendeshwa na mashine, hutumia aina kukagua kwamba hatujazidisha visivyozidishika. (Msimbo, nasema. Mdomoni wengi tunaita kodi, lakini ukiandika kodi kwenye makala msomaji anaanza kutafuta risiti.)

Fankisheni ni kama mashine ya kusaga: mahindi yanaingia, unga unatoka. Ukiweka mahindi yale yale unapata unga ule ule. Lugha kama OCaml, Haskell, F# na Elm hujenga programu karibu nzima kwa mashine ndogondogo za hivyo, ndiyo maana tunaziita lugha za kifankisheni.

Moduli ni fungu la aina na fankisheni zinazokaa chini ya jina moja kwa sababu zinahusu jambo moja. Ifikirie kama duka la mtaani, lile lenye nondo mbele, ambalo Igoma au Mabatini huwezi kutembea hatua ishirini bila kulikuta.

Kiolesura ni dirisha la hilo duka. Unasimama nje, unasema “sukari nusu, sabuni kipande,” vinapitishwa kwenye nondo. Mwenye duka akihamisha sukari kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, au akaacha kuipima kwa kopo akanunua mizani, wewe wa nje hakuna kinachokuhusu. Sukari bado ni nusu. Ungekuwa na mazoea ya kuingia ndani na kujichotea gizani, siku anayobadilisha rafu ungeondoka na chumvi.

Mimi nilijichotea gizani kwa karibu mwaka mzima.

Programu ya shangazi

Biashara ya shangazi si ngumu kuieleza. Mitumbwi na boti zinaleta dagaa kutoka Ukerewe na visiwa vingine vya ziwani, yeye ananunua magunia, anauza kwa wanaopeleka mikoani na wanaovusha mipaka. Akaniomba nimtengenezee kitu cha kuweka hesabu. Nikaandika programu, na uzito wa kila gunia nikauweka kama namba yenye desimali, kwa kilo. Gunia la kilo 38 na robo likawa 38.25. Basi.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo, la aibu tu. Kuna siku alikuwa anaandika sampuli ndogondogo, moja kilo 0.1 na nyingine 0.2, jumla ikatoka 0.30000000000000004. Akanionyesha simu huku amekunja uso. “Hizi sifuri zote ni dagaa gani?” Hilo si kosa la programu yangu peke yake. Kompyuta huandika desimali kwa mfumo wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki sawasawa kwenye mfumo huo, kama vile moja ya tatu isivyomalizika ukiiandika kwa desimali zetu za kawaida.

Nikaamua kuhifadhi uzito kwa gramu. Namba nzima hazina mchezo huo. Na hapa ndipo nilipofanya uzembe: niliacha aina ile ile ya namba, nikabadilisha maana yake. Pale gunia linapoingizwa nikazidisha kwa 1,000. Kompaila haikulalamika, ingelalamika nini? Namba ni namba. Ila msimbo wa kutengeneza risiti, niliouandika miezi mitano kabla, ulikuwa bado unaamini unapokea kilo. Ukachukua gramu 38,250, ukazizidisha kwa bei ya kilo. Mteja wa kwanza asubuhi ile alipewa bili kubwa mara elfu moja. Bahati nzuri alikuwa mtu wa utani. Alimuuliza shangazi kama gunia linauzwa pamoja na mtumbwi wake na mashine.

Nilipoanza kutafuta sehemu zote ambazo zilikuwa “zinajua” kwamba uzito ni kilo, nilizikuta saba. Ya saba niliipata baada ya wiki mbili.

Makosa ya ukoo huu yamewakuta watu wenye vyombo vya thamani kuliko magunia. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza Mars Climate Orbiter, chombo kilichokuwa kinaingia kwenye mzunguko wa sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ya huku duniani ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni wakati iliyozipokea ilitarajia nyutoni. Zilipita kwenye kila mlango kwa sababu hazikuwa na jina, zilikuwa namba tupu.

Kufunga stoo

Niliporudia kazi, uzito niliupa duka lake. Katika OCaml moduli huwa na faili mbili: moja ya kazi yenyewe, nyingine ya kiolesura. Dirisha la duka langu lilikuwa hivi:

    type t
    val ya_kilo : float -> t option
    val jumlisha : t -> t -> t
    val thamani : int -> t -> int
    val andika : t -> string

Soma taratibu, hakuna uchawi. Mstari wa kwanza unasema: ipo aina inaitwa t, na habari zake zaidi ya hapo huambiwi. Ukiwa nje utaiita Uzito.t. Wa pili unasema: nipe namba ya kilo, nitakurudishia uzito, au nitakuambia hakuna (hiyo ndiyo maana ya option). Wa tatu: uzito na uzito hujumlishwa, hupata uzito. Wa nne: nipe bei ya kilo na uzito, nikupe shilingi. Wa tano: nikuandikie uzito kwa maneno ya kusomeka kwenye risiti.

Ndani ya stoo, kwenye faili nyingine, nimeandika kwamba t ni namba nzima ya gramu. Moduli yenyewe inalijua hilo. Kote kwingine, kompaila inakataa kulijua. Ukichukua Uzito.t ukajaribu kuizidisha na bei moja kwa moja, programu haijengwi. Unaambiwa aina hazilingani, na mstari unatajwa. Zile sehemu saba nilizozitafuta wiki mbili, ningezikuta zote mezani kabla sijamaliza chai.

Kitu ambacho wanaoanza huchelewa kukiona ni kwamba namba inaweza kuwa ile ile kabisa kwenye kumbukumbu ya mashine, 38250 iliyokaa kwenye nafasi ileile. Kinachofichwa ni ruhusa ya msimbo wa nje kuitegemea kwamba ni namba. Wewe na kompaila mnawekeana mkataba juu ya nani anaruhusiwa kujua nini.

Faida ya pili iko kwenye lile neno option. Mlango pekee wa kupata uzito kutoka hewani ni ya_kilo, na pale mlangoni nimeweka ukaguzi: uzito hasi haupiti. Kwa hiyo popote kwenye programu, ukishika Uzito.t mkononi, tayari una uhakika si hasi. Huna haja ya kuuliza tena. Ni kama tiketi ya kivuko cha Kamanga: aliyeko ndani ameshapita getini, nahodha hatembei kuuliza abiria mmoja mmoja kama amelipa. Zamani nilikuwa na ukaguzi wa “je, ni hasi?” kwenye sehemu nne na nimeusahau kwenye ya tano. Sasa uko mmoja.

Hili la getini ndilo lililozaa mambo yote haya upande wa lugha za kifankisheni, na historia yake inafaa kukaa nayo kidogo. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Robin Milner na wenzake walikuwa wanatengeneza LCF, programu ya kumsaidia mtu kuthibitisha nadharia za mantiki. Walikuwa na hofu ya maana. Programu kama hiyo inakuwa kubwa, watu wanaiongezea mbinu zao, na mbinu moja ikiwa na kasoro, kompyuta itakupongeza kwa kuthibitisha uongo. Wangemkaguaje kila mtu? Hawakumkagua. Walitunga lugha ya kuandikia mbinu hizo, wakaiita ML, na ndani yake wakaweka aina moja fiche ya nadharia iliyothibitishwa, inayoitwa thm. Mtu anaweza kuandika mbinu yoyote ya ajabu anayotaka, lakini hawezi kutengeneza kitu cha aina hiyo kwa mkono wake. Njia ni moja, kupitia fankisheni chache ambazo kila moja ni kanuni halali ya mantiki. Mbinu yako ikiwa mbovu itashindwa kufika. Haiwezi kufika kwa kudanganya. Kilichobaki cha kukaguliwa kwa macho ni ule mlango mdogo tu.

OCaml, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1996, ni mjukuu wa ML hiyo. Wazo la kuficha lenyewe lina wazazi wengine pia. David Parnas alieleza mwaka 1972 kwamba moduli zigawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe ndani ya moduli yake. Barbara Liskov na Stephen Zilles waliandika kuhusu aina fiche mwaka 1974, na Liskov akaendelea na lugha ya CLU kule chuo cha MIT, Marekani. Lakini ile picha ya Edinburgh, ya watu wasioaminiana kufanya kazi moja kwa sababu mlango ni mmoja, kwangu ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote.

Yanayosemwa vijiweni

“Kuficha ni kwa ajili ya wadukuzi.” Hapana, na hapa mfano wa LUKU naomba tuuache njiani. Tokeni ya umeme imefungwa kwa hesabu za siri ili usitengeneze yako. Aina fiche haijafungwa na siri yoyote. Faili yangu ya Uzito iko wazi, shangazi akitaka naweza kumsomea mstari kwa mstari. Mdukuzi aliyekwisha ingia kwenye kompyuta yako hatajali kiolesura chako. Anayezuiwa ni mwenzako wa kazini, na mara nyingi zaidi ni wewe mwenyewe wa miezi mitano ijayo, ambaye kumbukumbu zake za leo zitakuwa zimekwenda na maji.

“Mbona programu ni huria, sasa tunafichana nini?” Swali hili nimeulizwa kwa hasira kabisa, kana kwamba ni uchoyo. Kuna kusoma na kuna kutegemea. Programu huria inakupa haki ya kusoma, kunakili, kurekebisha. Aina fiche inasema: soma utakavyo, lakini msimbo wako usijengwe juu ya kitu ambacho hatujakuahidi. Ramani ya mabomba ya maji ya jengo inaweza kubandikwa ukutani kila mtu aione, na bado mpangaji asiruhusiwe kutoboa bomba la ghorofa ya juu kwa ajili ya bustani yake.

“Inapunguza kasi.” Kwa sehemu kubwa haina athari. Ukaguzi unafanyika wakati programu inajengwa, na baada ya hapo Uzito.t yangu ni namba nzima kama namba nzima nyingine. Kuna gharama ndogo hapa na pale, mfano kompaila ikishindwa kujua kwamba vitu viwili vinavyolinganishwa ni namba itatumia njia ya jumla ya kulinganisha, ambayo ni nzito zaidi. Kwa magunia ya Mwaloni hutaiona.

Kuna pia wanaosema mbona kwenye Python, lugha nyingine ya programu, unaweka mstari mdogo mbele ya jina, ni hivyo hivyo. Ule ni ubao wa “usipite hapa.” Waungwana watatii. Kompaila ya OCaml ni ukuta.

Ukuta wenye ufa

Nisije nikauza kitu bila kasoro zake. OCaml ina alama ya usawa, =, ambayo hulinganisha vitu viwili vyovyote vya aina moja kwa kuingia ndani na kutazama umbo lao. Kwa aina fiche, alama hii inachungulia nyuma ya pazia.

Jaribu mwenyewe. Lugha inakuja na moduli ya seti, yaani mkusanyiko usiojali mpangilio wala marudio, na aina yake ni fiche. Tengeneza seti ya mialo mitatu: weka Igombe, kisha Kayenze, kisha Kirumba. Tengeneza ya pili, uanze na Kayenze, kisha Igombe, kisha Kirumba. Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu hizi ni seti moja. Uliza kwa = na utajibiwa si sawa.

Sababu iko stooni. Seti huhifadhiwa kama mti wenye matawi. Ukiingiza majina kwa mpangilio wa alfabeti, Igombe anakuwa shina, Kayenze tawi lake la kulia, Kirumba tawi la Kayenze. Mti unaegemea upande mmoja, na kwa vitu vitatu tu OCaml inauvumilia bila kuusawazisha. Ukianza na Kayenze, yeye anakuwa shina na wengine wawili wanakaa kushoto na kulia. Yaliyomo ni yale yale, umbo ni tofauti, na = inatazama umbo. Dawa ni kutumia fankisheni ya equal ambayo moduli yenyewe imeiweka dirishani, kwa kuwa yenyewe inajua miti miwili tofauti inaweza kuwa seti moja. Nilipoteza Jumamosi nzima kabla sijalijua hilo.

Haskell haina ufa huu hasa, maana usawa ni lazima uutangaze mwenyewe kwa kila aina. Ila nayo ina mtego wake: kwenye orodha ya vinavyotolewa nje ya moduli, ukiandika jina la aina umetoa jina tu, ukiongeza nukta mbili ndani ya mabano umetoa na funguo za stoo. Elm nayo ina mtego huo huo. Nukta mbili! Nimeona watu wakiziweka kwa mazoea, kama mtu anayeweka chumvi kabla ya kuonja.

Sio kila kitu ni cha kuficha

Baada ya ushindi wa Uzito nilipandwa na wazimu wa kuficha kila kitu. Shangazi alipoanza kuchukua na samaki wengine, nikatengeneza aina ya samaki, nikaificha nayo, na dirishani nikaweka fankisheni za kuuliza: je, ni sangara? je, ni sato? je, ni dagaa?

Nilikuwa nimejinyang'anya silaha. Lugha hizi zinakuruhusu kuorodhesha hali zote za kitu wazi, Sangara au Sato au Dagaa, na popote unapoishughulikia, kompaila inakuhesabia kama umezigusa zote. Ukisahau Sato, unaambiwa. Kwa kuificha, kompaila ya nje haikujua tena kwamba ziko tatu, hivyo haikuweza kunikumbusha lolote. Nilipoongeza mabondo kwenye biashara, yale yanayotolewa tumboni mwa sangara na kuuzwa kwa bei ya kutisha, ripoti iliyaruka kimya kimya.

Kipimo changu siku hizi ni hiki. Kitu ambacho hakina sharti la kulinda na ambacho kila mtu anapaswa kujua sura zake, nakiacha uchi. Kitu chenye sharti, au chenye umbo ninalodhani nitakuja kulijutia, nakifunga. Katikati kuna njia ambayo OCaml inaiita private: wa nje anaruhusiwa kuona umbo lakini haruhusiwi kuunda. Kama kabati la vioo la duka la dawa.

Sado

Juzi shangazi alitaka jambo ambalo nilikuwa nalikwepa. Wateja wadogo hawanunui kwa kilo. Wananunua kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki inayopima nusu ya soko la Mwanza. Alitaka wauzaji wake waingize sado na ripoti ya jioni ijumlishe yote kwa kilo.

Nikatengeneza moduli ya Sado, aina yake fiche. Kompaila ilikataa kujumlisha Sado.t na Uzito.t, kama nilivyotaka. Nikaanza kuandika kwenye kiolesura fankisheni ya kugeuza moja kuwa nyingine: inapokea Sado.t, inarudisha Uzito.t. Vidole vikasimama hapo. Zamani ningezidisha kwa namba fulani katikati ya msimbo, nikaendelea. Lakini kuiandika dirishani ni kuahidi, na sikuwa na uhakika naahidi nini. Nikampigia.

“Shangazi, sado moja ya dagaa ni kilo ngapi?”

Akacheka. “Wa jua au wa mvua?”

Dagaa walioanikwa kwenye chanja jua likiwaka wanakuwa wepesi na wanakatika. Waliopigwa na wingu na mvua za masika wanabaki na maji, sado ile ile inalemea. Kila mtu pale Mwaloni analijua hilo kwa kuinua tu. Mimi nimekula dagaa wale tangu utotoni na sikuwa nalijua.

Nikairudia ile fankisheni:

    type hali = Jua | Mvua
    val kwa_uzito : hali -> t -> Uzito.t

Hali nimeiacha wazi, zote mbili zinaonekana dirishani. Jioni ile ile akatuma meseji: “Umesahau wa kukaanga.” Nikaongeza neno la tatu kwenye orodha, nikajenga programu, na kompaila ikanitajia mistari minne ambako dagaa wa kukaanga walikuwa hawajafikiriwa.